TAHADHARI: Tairi za baiskeli zilizofutwa namba, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu wa baiskeli. Kuna bwana anatangaza tairi za baiskeli za gia kwenye magrupu ya WhatsApp. Wateja wa mjini hukutana nao Darajani, na mzigo mwengine hupakia boti kwenda Pemba. Jina lake silitaji, lakini mali yake muigeuze pande zote kabla hamjatoa pesa.

Tairi za inchi 27.5 zimemdodea, wateja wanataka za inchi 26. Basi namba anaipiga msasa, juu yake anabandika karatasi: 26 x 2.25. Kwa macho huwezi kujua, meno yale yale, unene ule ule. Nimeletewa mbili hapa kibarazani ninapotengeneza. Upande mmoja mpira umekwaruzwa mpaka umefanya weupe. Upande wa pili, karibu na waya wa ukingoni mwa tairi, kasahau kufuta: 57-584.

Hiyo ndiyo namba ya kusoma. 57 ni upana kwa milimita, sawa na inchi 2.25. 584 ni kipenyo cha pale waya unapokaa kwenye ringi. Tairi ya 26 ya baiskeli ya gia ni 559, ya 27.5 ni 584, ya 29 ni 622. Kwa hiyo yake imezidi milimita 25. Inaingia kwa vidole tu, na mwenyewe unafurahi. Tia upepo uone: waya unapanda juu ya ringi, tyubu inachungulia, halafu mlio ambao mtaa mzima unatoka nje. Na hapo baiskeli imesimama, hujaipanda.

Ukimrejea anakwambia, "Fundi wako hajui kuvisha, sheikh wangu." Ukimpigia tena, keshakublock.

Wenye baiskeli za Phoenix nao wasijione wamesalimika. Tairi yao, 28 x 1½, ni 635, lakini zipo tairi nyengine zilizoandikwa 28 ambazo ni 622. Hapo hata msasa hahitaji. Waya ni mdogo kuliko ringi, na ukilazimisha kwa bisbisi unaukata.

Kuna na hili la tairi ya upana wa inchi 1.95 kuuzwa kwa bei ya 2.25. Tairi inakaa vizuri, ila umelipia upana usioupata, na kwenye mchanga wa njia za shamba utaona inavyozama. Ikishavishwa na kujazwa, ipime. Milimita mbili tatu msigombane, maana upana hufuata ringi pia. Lakini milimita 50, yaani hiyo 1.95, kwa bei ya 57, huo ni wizi.

Mlioko Wete na Chake, msitume pesa kwa simu kabla hajakupigieni picha ya namba yenyewe iliyochongwa kwenye mpira, si ya karatasi. Namba tatu za mwisho zilingane na za tairi yenu ya zamani. Na aliyekwisha kuuziwa, zile meseji zake usizifute.