Kamera inayokumbuka ilipo: miaka mitatu kwenye mikoko ya Tongoni

Tope la mikoko halishiki alama. Mwenye shamba la minazi atakuonyesha mpaka wake kwa mnazi uliopinda au kwa kaburi la babu yake, lakini kule mikokoni maji yakijaa yanafuta nyayo, na yakipwa yanakuachia uwanja wa kijivu usiojua hapa wala pale. Kikundi chetu cha kupanda mikoko kilianza kazi upande wa Tongoni, kilomita 17 hivi kusini mwa mji wa Tanga, na msimu wa pili tu tukashindwa kukubaliana tulipanda wapi mara ya kwanza. Mimi nilisema hapa. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi, akasema, "La, mwanangu, hapa ndipo tulipopumzika tukingoja maji yatoke. Tulipanda kule mbele." Picha za simu tulikuwa nazo tele: tope, miguu, miche, tope tena. Hakuna hata moja iliyoweza kutuamua.

Ndipo nikanunua kamera ndogo ya mfukoni yenye GPS ndani yake, yaani inajua ilipo kwa kusikiliza setilaiti na kupaandika kwenye kila picha. Ni mtumba, ya Kijapani, toleo la mwaka 2012. Nililipa shilingi 260,000 pamoja na betri mbili na chaja. Huu ni mwaka wa tatu niko nayo, na naandika kwa sababu watu wanaponiona nayo huuliza swali moja: kwani simu haifanyi hivyo?

Simu inafanya, tena kwa jambo moja inaishinda kamera: inapata mahali ilipo upesi, kwa kuwa mtandao wa simu unaipa taarifa za setilaiti badala ya kuisubirisha izipokee yenyewe kutoka angani. Lakini simu yangu ndiyo benki yangu, ndiyo barua zangu, na sitaki kuitoa mfukoni nikiwa nimesimama kwenye tope na vidole vimelowa maji ya chumvi. Kioo chake hakisikii kidole kilicholowa. Halafu lenzi ya kamera inavuta mara 20. Niko ukingoni, maji yameanza kupanda, na bado naweza kupiga majani ya mlilana, mti mmoja wa jamii ya mikoko, uliosimama mbele kabisa, nikaona kama yametobolewa na wadudu. Simu niliyo nayo ikivuta hivyo inaleta ukungu.

Kuna jambo la kuangalia hapo, nalo lilinichukua muda kulielewa. Kamera inaandika mahali iliposimama yenyewe, si mahali pa kitu unachokipiga. Mlilana uko mita 80 mbele yangu, na namba zilizoandikwa ni za miguu yangu. Kwa hiyo kila mche tunaoufuatilia tunauendea mpaka ulipo. Picha za mbali ni za kuonea hali tu.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kamera haimpelekei mtu yeyote kitu. Inasikiliza tu. Setilaiti za GPS ya Marekani zinazunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo, na kamera ikisikia nne au zaidi inapiga hesabu ya ilipo yenyewe. Haihitaji bando wala mnara. Ukipiga picha, namba za latitudo, longitudo, kimo na saa zinajiandika ndani ya faili la picha, mahali usipopaona mpaka ulifungue kwenye kompyuta. Saa inayotoka kwenye setilaiti ni ya dunia, iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo picha niliyoipiga saa mbili asubuhi, kioo cha kamera kinasema saa 8, na namba za setilaiti zinasema saa 5. Mwanzoni nilidhani kamera ni mbovu.

Sasa niseme kasoro yake kubwa, maana ndiyo ningependa mtu angeniambia kabla sijanunua. Ukiiwasha baada ya kulala siku kadhaa, haijui ilipo. Inataka kuiona mbingu wazi kwa dakika, wakati mwingine tano, wakati mwingine kumi, ndipo ikamate. Na yangu ina tabia ya hatari: isipokamata, haiachi nafasi tupu. Inabandika mahali pa mwisho ilipopajua. Safari yetu ya tatu nilishuka kwenye gari, maji yalikuwa yameshaanza kurudi, nikapiga picha 40 kwa haraka. Usiku nafungua kompyuta, mikoko yote 40 imeota Chumbageni, uani kwangu, nilikoijaribu kamera jana yake. Kazi ya bamvua zima ikapotea, na bamvua halikungoji. Maji yanayotoka mbali vya kutosha kutufikisha kwenye mistari ya mbele tunayapata siku chache tu kila nusu mwezi, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za maji mafu hatufiki.

Tangu siku ile nina utaratibu. Nikishuka tu, kamera inawashwa, inawekwa juu ya ndoo ya miche, uso juu, na hakuna anayeigusa. Tunavua viatu, tunagawana majembe, shangazi anahesabu miche. Alama ya setilaiti kwenye kioo ikiacha kumeta, ndipo tunaingia. Picha ya kwanza kabisa napiga kwenye kona moja ya ukuta wa msikiti wa zamani, pale kwenye magofu ya Tongoni. Kona ile haihami. Jioni nikiona namba zake ziko mbali na za siku nyingine, najua siku hiyo nisiziamini. Nimeshapiga kona hiyo zaidi ya mara 30, na nyingi zimeangukia ndani ya hatua kumi kutoka moja hadi nyingine. Chini ya mikoko mikubwa iliyofunga majani, hesabu inayumba zaidi, naweza kupewa hatua 20 pembeni. Na ndani ya mapango ya Amboni, nilikowapeleka wageni, usitarajie chochote: mwamba wa chokaa umefunika kila kitu, na picha zote za ndani zinakuwa na namba za mlangoni.

Betri ndiyo kero ya pili. Kamera ina kazi ya kurekodi njia, yaani inaweka nukta kila baada ya muda mfupi hata usipopiga picha, ili baadaye uone ulikopita. Ni kazi nzuri sana. Lakini inaendelea hata ukizima kamera, na hilo halionekani kirahisi. Mara mbili nimeitoa kwenye mfuko asubuhi nikakuta betri imekufa, wakati nilichaji usiku wa juzi. Ukiwa na kamera ya aina hii, ingia kwenye menyu uizime kwa mkono wako kabla hujalala. Na uwe na betri ya pili. Mimi sasa ninazo tatu, moja naifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na leso.

Chumvi na mchanga nitavisema kwa ufupi. Lenzi yake inatoka na kuingia kama shingo ya kobe, na chembe moja ya mchanga ikiingia pale inakwaruza. Ilishakwama mara moja, fundi mmoja Ngamiani akaisafisha kwa shilingi 25,000. Siku za kusi, upepo unapopiga, siiwashi ufukweni kabisa.

Kuhusu namba zenyewe, kuna mitego miwili. Wa kwanza ni neno kusini. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta na 39 mashariki. Programu nyingi za ramani zinataka kusini iandikwe kwa alama ya kutoa mbele ya namba. Mwenzetu mmoja alizinakili namba zetu kwenye daftari bila alama hiyo, na alipoziingiza, mikoko yetu ikaenda kuota kusini mwa Ethiopia, nchi isiyo na pwani. Nilifurahi kwamba kosa lilikuwa kubwa, maana makosa makubwa yanaonekana.

Mtego wa pili haukuonekana, nao ndio ulionifundisha zaidi. Mzee mmoja wa kijijini alitukopesha ramani ya karatasi ya zamani, ile ya kipimo cha 1:50,000, yenye mistari ya msitu wa mikoko kama ulivyokuwa. Nikachora vitalu vyetu juu yake kwa namba za kamera. Vyote vikakaa vibaya, kimoja kiliangukia ng'ambo ya mkono wa bahari. Nilimwambia mzee, kwa adabu zote, kwamba ramani yake imechorwa ovyo. Akanijibu, "Mwanangu, ramani hii nimetembea nayo miaka 30." Mzee alikuwa na haki. Ramani zile za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS inatumia msingi mwingine, WGS84. Namba zile zile ukizihamisha kutoka huku kwenda kule bila kuzibadilisha, unakosea kwa karibu mita 300. Nilirudi kumwomba radhi, na programu ya bure ya ramani kwenye kompyuta ikatubadilishia namba zote kwa dakika moja. Ramani na kamera zikapatana.

Na hapo ndipo kamera iliporudisha fedha zake. Tulipoziweka picha za misimu minne juu ya ramani moja, kila kitalu mahali pake, jambo likajitokeza ambalo tulikuwa tukilibishania kwa maneno tu. Miche ya mkoko, ile mbegu ndefu inayochomekwa kwenye tope, ilikuwa imeshika vizuri katikati, na mistari miwili ya mbele, iliyo karibu na maji makuu, ilikuwa imekufa yote, msimu baada ya msimu. Tulikuwa tunaipanda upya kila mwaka tukidhani ni kaa wanaoila, au ni uvivu wa waliopanda siku ile. Kumbe pale ni mahali pa mlilana. Mlilana ndio unaosimama mbele baharini, mkoko uko nyuma yake, na mkandaa juu zaidi kuelekea nchi kavu. Wazee wanalijua hili. Shangazi alishalisema msimu wa kwanza na hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa hatukuwa na cha kumwonyesha mtu. Sasa tunacho. Mwaka huu mistari ya mbele hatukuigusa, tukaiacha ingoje mlilana ujiotee.

Neno kwa wanaotumiana picha. Programu nyingi za kutumiana ujumbe hupunguza ukubwa wa picha na kufuta namba za mahali. Nilimtumia katibu picha 60 kwa njia hiyo, zikafika bila kitu. Sasa natuma kama faili, au nampelekea memori kadi mkononi. Kufutwa huko kuna faida yake pia, maana picha yenye namba za mahali ikitoka nje inasema nyumba yako iko wapi. Nikiwa nyumbani au kwenye shughuli ya watu, GPS nazima. Watoto wa ndugu zangu sitaki picha zao zizunguke na anwani ndani yake.

Ubora wa picha ni wa kawaida. Mchana wa jua ni nzuri, rangi ya tope na kijani inatoka kama ilivyo. Jua likishaanza kuzama inapiga picha zenye chembechembe, na simu mpya yoyote inaishinda. Kama unataka kamera ya harusi, hii siyo.

Ukikuta ya namna hii kwa wauza mitumba, usiinunue ukiwa ndani ya duka. Mwombe muuzaji akuruhusu usimame nayo nje, mbali na ghorofa na miembe, washa GPS, mpe salamu, ongeeni habari za mjini kwa dakika kumi. Kisha piga picha moja uangalie vitu viwili. Cha kwanza ni tarehe. GPS huhesabu wiki mpaka 1024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Vyombo vya zamani visivyoandaliwa hurudi nyuma karibu miaka 20 na kukuandikia tarehe ya enzi nyingine. Cha pili ni namba za mahali. Zikisoma nyuzi 5 kusini na 39 mashariki, lipa.