Smith & Wesson Model 19 au Ruger Security-Six: nilivyochagua kati ya rivolva mbili zilizotumika

Bei zikilingana, hazikusaidii tena kuamua. Inabidi ukiulize chuma chenyewe. Mimi niliwekewa mezani Smith & Wesson Model 19 na Ruger Security-Six, zote zimeshapita mikononi mwa watu, na tofauti ya bei ilikuwa ndogo mno kumfanya mtu achukue hii aache ile. Zote ni za risasi kali ya .357 Magnum, kwa hiyo zinakula pia .38 Special, ambayo ni ya nguvu ndogo zaidi. Zote zina tundu sita, mtutu wa inchi 4 na kilengeo cha nyuma kinachorekebishwa. Kibali changu kiliruhusu silaha moja tu. Nilichukua Smith. Ruger akaichukua rafiki yangu ninayepiga naye shabaha, na tumekuwa tukibadilishana uwanjani tangu hapo, kwa hiyo ninayoyasema kuhusu zote mbili nimeyapata kwa mkono wangu.

Kwanza umri wao. Model 19 ilitoka mwaka 1955 kwa jina la Combat Magnum, na aliyeipigania sana ni Bill Jordan wa doria ya mipaka ya Marekani, aliyetaka nguvu ya .357 kwenye fremu ya wastani ambayo askari anaweza kuivaa kiunoni kutwa bila kuchoka. Namba 19 ilikuja 1957, kampuni ilipoanza kuzipa bastola zake namba. Ukifungua silinda utaikuta imegongwa kwenye fremu, pale unapojifungia mkono wa silinda, yaani ule unaoibeba silinda ikitoka nje. Yangu inasomeka 19-4, yaani ilitengenezwa kati ya 1977 na 1982. Security-Six ilianza 1972 na ikafika mwisho wake miaka ya 1980, rivolva nyingine ya Ruger, GP100, iliposhika nafasi. Hii niliyoonyeshwa ilikuwa na maandishi kwenye mtutu yanayosema imetengenezwa katika mwaka wa 200 wa uhuru wa Marekani. Ruger walipiga maandishi hayo kwenye silaha zao za 1976, basi hapo hakuna kubahatisha.

Kwa macho, Ruger iliongoza. Ni chuma cha pua, inang'aa, na mikwaruzo yake midogo hufutika kwa kitambaa na subira. Smith ni ya chuma kilichotiwa bluu iliyokolea, na bluu hiyo ilikuwa imelika mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda. Uchakavu wa namna hiyo mimi siuogopi hata kidogo. Ni wa ala ya ngozi: bastola imechomolewa na kurudishwa miaka na miaka, na hilo halikuambii risasi ngapi zimepita ndani. Silaha nyingi zilizowahi kubebwa na askari ziko hivyo, nje zimechakaa, ndani karibu mpya. Hata ule mstari mwembamba unaozunguka silinda, ambao wanunuzi wengi huuona wakarudisha bastola mezani, ni wa kikomeo tu, kile kipande kinachoifunga silinda mahali pake, kinachoburura kila silinda inapogeuka.

Kinachonishtua mimi ni skrubu. Ziangalie vichwa kwa makini. Mfereji wa kichwa ukiwa umetafunwa, jua kuna mtu ameingia ndani kwa bisibisi isiyolingana, na aliyekosa bisibisi sahihi huenda alikosa na maarifa. Smith ina bamba ubavuni linalofunika mtambo wote, na asiyejua hulibandua kwa kulichokonoa ukingoni. Makovu yake hayafichiki. Kwenye hii niliyoichukua, ilinibidi niilaze kwenye mwanga ndipo nione bamba linaanzia wapi. Ruger haina bamba hilo kabisa, fremu yake ni kipande kimoja pande zote mbili na mtambo wa triga hutokea chini ukiwa mzima. Hiyo ni sifa kubwa na ndiyo sababu moja ya watu kuisifu kwa uimara.

Baada ya kuomba ruhusa na kuhakikisha tundu zote sita ziko tupu, nilifungua mbao za mpini. Usione aibu kuomba hivyo. Jasho hukaa huko chini, na kutu ikianzia huko huoni kitu mpaka imekwishachimba. Kwenye Smith, pale pale, angalia pia skrubu ndogo iliyo mbele ya mpini. Hiyo ndiyo inayoikaza springi bapa ya nyundo. Wapo wanaoilegeza ili triga iwe laini, na nyundo ikapoteza nguvu ya kulipua fataki. Ya kwangu ilikuwa imekazwa mpaka mwisho.

Halafu mpangilio wa silinda, na hapa ndipo ningependa mnunuzi akae muda mrefu kuliko popote. Vuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, polepole sana, huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kwa uzito kidogo kuipinga. Sikiliza. Unapaswa kusikia kikomeo kikidondoka kwenye kijishimo chake kabla nyundo haijakaa, au kwa wakati ule ule. Nyundo ikikaa wakati silinda haijafungika, tundu hilo limechelewa, na ukipiga hivyo risasi itaingia kwenye mtutu kwa upande, ikinyolewa ubavu na kurusha vipande vya madini pembeni. Rudia tundu baada ya tundu mpaka zote sita, kwa sababu moja inaweza kuchelewa na tano zikawa safi. Zote mbili zilipita mtihani huu. Kisha, nyundo ikiwa nyuma, niliisukuma mbele kwa gumba bila kugusa triga. Ikianguka, iache hapo hapo, hata ukipewa bure. Hazikuanguka.

Nilikuwa na fila geji, ile ile mafundi wa magari wanayopimia nafasi za valvu. Nafasi kati ya silinda na mtutu kwenye Smith ilikuwa milimita 0.15 silinda ikisukumwa nyuma, na 0.10 ikisukumwa mbele. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mcheo wa silinda wa mbele na nyuma, na ukiwa mdogo kiasi hicho silinda imetulia. Ruger ilikuwa na 0.20 na haikubadilika, yaani silinda haikucheza kabisa. Nafasi ikipita 0.25 mimi nakuwa na wasiwasi: baruti inayoungua hutema pembeni, risasi inapungua mwendo, na mcheo ukiwa mkubwa kila mlio huzidi kuuongeza. Kwa kipimo hiki Ruger ndiyo ilikuwa ngumu zaidi, nami nalikubali hilo.

Sasa nifike penye kisa chenyewe cha Model 19. Sehemu ya nyuma ya mtutu, ile inayotokeza ndani ya fremu na kuipokea risasi kutoka kwenye silinda, imepunguzwa unene upande wa chini ili mkono wa silinda upate pa kupita. Fremu hiyo ya wastani, ambayo kampuni huiita K, ilibuniwa kwa .38 enzi za 1899, na .357 ikaja kuingizwa humo baadaye. Kwa .38 hakuna shida. Kwa magnum yenye risasi nzito ya grani 158 (grani ni kipimo cha uzito wa risasi), nayo inavumilia. Tatizo ni magnum kali zenye risasi nyepesi ya grani 125. Zinakwenda kasi, ni fupi, zinaachia moto mwingi upite, na mahali palipokatwa huweza kupata ufa saa kumi na mbili, chini kabisa. Polisi wa Marekani waliliona hilo walipoanza kufanya mazoezi kwa magnum zile zile wanazobeba kazini, badala ya .38 kama zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ikatoa fremu nene zaidi, ya L, ambayo mtutu wake haukukatwa hivyo. Ruger nayo ilijenga Security-Six kwa .357 tangu mwanzo, na hapo ni nene panapotakiwa.

Kwa hiyo ukishika Model 19, safisha hapo kwa kitambaa kwanza, kwa maana masizi huficha ufa, halafu mulika kwa tochi. Tafuta ufa upande wa chini, na angalia ukingo kama umeliwa na moto ukawa na mikwaruzo kama ya msasa. Mtutu wangu ulikuwa laini, mifuo ya ndani inayoizungusha risasi imesimama kwa makali, na juu ya fremu, kwenye dari la silinda, kulikuwa na mchirizi hafifu tu wa moto. Aliyekuwa nayo hakuilisha magnum nyingi, na hilo niliamini kwa kuuona mtutu, si kwa kuambiwa na muuzaji.

Mpaka hapo, kwa karatasi, Ruger ilikuwa inaongoza: fremu imara, chuma kisichoshika kutu kirahisi, silinda iliyotulia. Nilichukua Smith kwa sababu ya triga, na kwa sababu najua ninachokwenda kupiga.

Triga ya Smith unapoivuta moja kwa moja, bila kutangulia kuvuta nyundo, inaanza na uzito fulani na inabaki na uzito huo huo mpaka mlio. Kidole hakipati mahali pa kushtuka, na kilengeo cha mbele kinakaa palepale. Ruger ina springi ya mzunguko, mvuto wake ni mzito zaidi, na mwishoni unaongezeka. Rafiki yangu ana vidole vya nguvu na hilo halimsumbui. Mimi, nikipiga Ruger kwa mvuto mrefu, kundi langu la risasi linapanuka na kushuka kushoto. Nikiirudia Smith linajikusanya tena. Nyundo ikivutwa kwanza, sioni tofauti ya maana kati yao. Lakini asilimia kubwa ya mazoezi yangu ni ya mvuto mrefu, na karibu yote ni kwa .38. Kununua fremu ngumu kwa ajili ya moto ambao sitaupiga, huku nikipoteza triga nitakayoivuta kila siku, nisingeona faida yake.

Sababu nyingine ilikuwa vipuri. Rivolva za fremu ya K zimetengenezwa kwa wingi na kwa miongo mingi, mafundi wa silaha wanazijua vizuri, na springi au kikomeo kikichoka kuna pa kuanzia. Security-Six iliachwa kutengenezwa zamani. Haiharibiki ovyo, lakini ikiharibika itakubidi utafute.

Kuhusu usalama wa kuanguka sioni cha kubishania. Smith ina kizuizi cha nyundo ndani, Ruger ina kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini ya kugonga fataki pale tu triga inapokuwa imevutwa. Ya Ruger naipenda. Zote mbili zinatosha.

Tangu niichukue, Smith imefanya nilichoitaka ifanye. Kwa .38 ya grani 158 inapiga pale inapoelekezwa, na mshtuko wake ni mdogo hivi kwamba hata aliyeanza juzi hukaa nayo kipindi kizima bila kuanza kufumba macho. Magnum naipa chache tu, za grani 158 peke yake. Baada ya .38 nyingi pete ya masizi hubaki ndani ya tundu, maana ganda la .38 ni fupi kuliko la .357 kwa milimita tatu na kitu, na usipoisugua kwa brashi ya shaba maganda ya magnum yatakwama kutoka. Hilo ni la rivolva yoyote ya .357, hata Ruger. Kusafisha Ruger kwa ndani ni rahisi zaidi, hakuna ubishi: sarafu moja ya kufungulia skrubu ya mpini na mtambo wote unatoka. Smith naifungua silinda tu na kuisafisha hapo. Bamba la ubavuni namwachia fundi.

Kwa magnum kamili Ruger inatulia vizuri mkononi kuliko ninavyoweza kuandika, ingawa mbao zake za kiwandani ni nyembamba na mpini unagonga kwenye uwazi wa kidole gumba na cha shahada. Rafiki yangu alibadilisha akaweka za mpira, na malalamiko yakaisha. Yeye anapiga magnum kwa wingi, za grani 125 pia, na bastola haijaonyesha dalili yoyote ya kulegea. Tulirudi kupima kwa fila geji na bado ni 0.20. Angekuwa yeye ndiye aliyechukua Smith, ningemwomba airudishe. Na mtu akiniambia leo anataka .357 ya kupigia .357, siku zote na bila kujibana, nitamwambia achukue Security-Six yenye silinda iliyotulia kama ile, hata Model 19 iliyo pembeni yake ikiwa safi na ya bei nafuu zaidi.