Uzoefu wangu na mbegu ya Waltham Butternut: inastahimili wadudu gani hasa?

Nimepanda boga lishe la aina ya Waltham Butternut misimu minne kwenye bustani ya nyumbani, na naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naikata kwa sababu ya maneno yanayoambatana nayo. Wengi huisifu kwamba "haishambuliwi na wadudu", na mtu anaipanda akijua kazi yake ni kumwagilia tu.

Sifa hiyo ina asili yake. Mbegu hii ilitoka Waltham, Massachusetts, Marekani, na ilipata tuzo ya All-America Selections, inayotolewa Marekani kwa mbegu bora, mwaka 1970. Huko adui mkubwa wa maboga ni nondo ambaye buu lake hutoboa shina karibu na ardhi na kulila kwa ndani mpaka mmea unasinyaa. Shina la zukini, boga linaloliwa likiwa changa, ni laini na lina uwazi katikati, ndiyo maana huangamia. La butternut ni gumu na limejaa, buu hupata shida kupenya. Ni sifa ya kweli kabisa, ila nondo huyo Afrika Mashariki hayupo. Kwetu anayemaliza maboga ni inzi wa matunda, naye hana haja na shina. Anatafuta tunda changa.

Upandaji hauna taabu. Pakiti ya gramu 10 ina mbegu zipatazo 100, nawe unahitaji mashimo sita hivi. Zinazobaki zitunze kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, changanya udongo wa juu na nusu ndoo ya samadi iliyooza, fukia mbegu tatu kwa kina cha sentimita 2 hadi 3. Penye joto zinaota ndani ya siku 5 hadi 8. Bakiza mche mmoja. Acha mita 1 kati ya mashimo na mita 2 kati ya mistari, maana ukibananisha, ubwiri unga utaanza kwenye majani ya chini, mweupe kama unga wa sembe, na ugonjwa huo Waltham haiuwezi. Mbawakavu wekundu wanaotoboa majani ya miche okota alfajiri wakiwa bado wazito, uwatie kwenye maji ya sabuni.

Kazi yenyewe inaanza maua yakitoka. Maua dume hutangulia, kwa hiyo yakianguka ya kwanza usihangaike. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo chini yake. Hufunguka asubuhi moja tu. Kati ya saa 12 na saa 3 chuma ua dume, ng'oa petali zake, kisha paka chavua katikati ya ua jike, ukigusa sehemu zote tatu.

Kesho yake petali zikishanyauka, livishe tunda mfuko. Usingoje siku ya tatu. Mimi natumia mifuko ya kaki ya sentimita 15 kwa 25, nakata kona mbili za chini maji yatoke, nafunga mdomo kwenye kikonyo kwa uzi wa katani bila kukaza. Mfuko ukilowa na kung'ang'ania tunda, badilisha. Kitambaa cha neti hudumu zaidi, lakini kikigusa ngozi inzi hutaga kupitia matundu yake, hivyo kishonwe kipana. Baada ya siku 15 hadi 20, ngozi ikianza kukaza, vua.

Tunda lililochomwa lina kidoa cha kahawia kama ncha ya pini, mara nyingi na tone la utomvu juu yake, na hupinda upande huo. Lakini si kila kiboga kinachogeuka njano kimeliwa. Kipasue: ukikuta funza weupe, ni inzi, ukikuta nyama safi isiyo na tundu, chavua haikutosha. Wengi hupiga dawa hapa, wanaua nyuki, na msimu unaharibika zaidi.

Tunda lenye funza usilitupe kwenye mboji. Funza hutoka, huingia udongoni sentimita chache, na kurudi akiwa inzi. Fukia nusu mita kwenda chini, au lifunge kwenye gunia la mbolea lenye nailoni ndani na uliache juani wiki mbili.

Mitego ya harufu inayovuta madume nayo nimeitumia. Inasaidia kujua inzi wameingia lini, basi. Majike ndiyo yanayotaga, na kuna aina moja ya inzi wa maboga, Dacus ciliatus, ambayo hata madume yake hayaifuati harufu ile. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua mifuko.

Ukitaka kuhifadhi mbegu inawezekana, maana si chotara. Ila maboga yetu mengi ya kienyeji ni ya spishi hiyohiyo, Cucurbita moschata, na nyuki huyachanganya. Jioni, kabla ua jike halijafunguka, libane ncha kwa uzi, pamoja na ua dume moja. Asubuhi chavusha mwenyewe kisha ulifunge tena.

Mavuno ni kati ya siku 90 na 110. Rangi iwe ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, bila michirizi ya kijani shingoni, na kucha isizame. Kata kwa kisu ukiacha kikonyo cha sentimita 4. Penye kivuli na hewa linakaa miezi miwili au zaidi. Lililokatika kikonyo lipikwe kwanza.