Nilisema acha, yeye akaendelea kuhesabu: uzoefu wangu na huduma ya kunyooshwa viungo

Mtu aliyeshika mguu wako ukimwambia acha, anaacha. Palepale. Hamalizii sekunde zilizobaki wala haulizi unaumia wapi huku bado anasukuma. Huyu wa kwangu aliniambia, "Vumilia dada, misuli ndiyo inafunguka hiyo," akazidisha nguvu. Wiki kadhaa zimepita na hasira haijaniisha.

Huduma yenyewe inasaidia, lazima niseme haki. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Ukikaa hivyo nyonga zinabaki zimekunjwa, misuli ya mbele ya nyonga inakaza, na jioni ukisimama kiuno kinagoma kunyooka. Nilianzia mikononi mwa dada mmoja ambaye hadi leo namwombea heri. Kabla hajanigusa aliniuliza kama nimewahi kuvunjika, kama nina shida ya pingili za mgongo, ya mifupa kupungua uimara au ya damu kuganda miguuni. Akanieleza kipimo cha maumivu, 0 hadi 10: hatuvuki 5, na nikitaja 6 anarudisha mguu chini, hakuna mjadala.

Kazi yake ilikuwa hivi. Anauinua mguu mpaka unapokataa. Hapo nausukuma dhidi ya bega lake sekunde kama 6, si kwa nguvu zote, kisha nalegea, natoa pumzi, naye anausogeza kidogo tu na kuushikilia sekunde kama 30. Mzunguko wa pili mguu unapanda kuliko mwanzo, na huamini kama ni wako. Aliniambia mbinu hiyo wataalamu wanaiita PNF, na kwamba ilianzia Marekani miaka ya 1940 kwa Dk. Herman Kabat na wataalamu wa tiba ya viungo, Margaret Knott na baadaye Dorothy Voss, wakihudumia watu waliopooza. Hilo limenikaa kichwani. Ni mbinu iliyotoka kwa wagonjwa, watu ambao huwezi kuwashika bila kuwasikiliza mwili wao unasema nini.

Sasa siku hiyo nafika, dada hayupo, napewa kijana mwingine. Sawa, nikalala kitandani. Hakuuliza hata swali moja. Akanifunga mkanda juu ya paja la kushoto, akaunyanyua mguu wa kulia goti likiwa limenyooka, na kwa kiganja cha pili akavuta vidole vya mguu kuelekea kwangu. Kidole gumba chake kilikuwa kimezama katikati ya unyayo wangu. Kitu kikashuka kutoka tako, nyuma ya goti, kwenye shavu la mguu hadi vidoleni, kikali, kama umeme.

Hiyo si misuli. Msuli ukivutwa unausikia umejaa katikati ya paja, mvuto mzito wa mahali pamoja. Maumivu yanayokimbia mpaka vidoleni na kuacha ganzi ni dalili ya mshipa wa fahamu, ule mkubwa unaotoka chini ya mgongo na kupita nyuma ya paja. Ukivuta vidole vya mguu unauvuta zaidi, ukiviachia kwa kawaida unapata nafuu. Kupima ni rahisi kiasi hicho! Angeviachia tu. Nikasema acha. Akasema, "Ishirini na moja, ishirini na mbili." Nikasema acha kwa sauti ya juu, nikajaribu kugeuka, mkanda ukanizuia. Akafika thelathini.

Halafu eti misuli inafunguka. Msuli ukivutwa kwa kasi na kwa nguvu, vipokezi vilivyo ndani yake vinatoa taarifa na wenyewe unajikaza kujilinda. Kwa hiyo alikuwa anapigana na mwili wangu na kuita ushindani huo matokeo. Paja lilikuwa linatetemeka mbele ya macho yake.

Nilipofunguliwa akaniambia wengi hulia mwanzoni, wanazoea. Nikaenda kwa msimamizi, akanisikiliza akiwa anaangalia ratiba, akasema pengine mwili wangu haujazoea mnyoosho wa ndani. Hakuna pole. Hakuna aliyeuliza kama ganzi imeisha. Ilinikaa siku nyingi, hasa kwenye kidole kikubwa cha mguu, na hadi sasa nikiinama kufunga kamba za viatu naisikia ikinong'ona nyuma ya goti.

Nilikusudia kuandika kwamba nendeni, ila mwombeni yule dada. Nilikuwa nawapa alama za kutosha tu, maana nyonga zangu zililegea kweli na usingizi ulirudi. Lakini kadiri ninavyoandika naona haiwezekani. Mahali panapomruhusu mtu asiyeuliza hali yako akufunge mkanda na kukuvuta hapana fundi mmoja mbaya, pana uongozi usiojali. Dada yule ni mzuri kwa sababu yake mwenyewe, si kwa sababu yao. Akihamia kwingine nitamfuata. Pale, hapana, na simshauri mtu yeyote, hasa mwenye mgongo unaomsumbua au mifupa dhaifu.

Nimewaandikia kudai pesa za vipindi vilivyobaki. Wamenijibu juzi kwa maneno matamu: wananipa kipindi kimoja cha bure cha kunifariji, na nafasi waliyonipangia ni kwa kijana yuleyule. Sitaki kipindi. Nataka pesa yangu, na nataka mtu pale aniambie kwa maneno yake mwenyewe kwamba mteja akisema acha, mkono unatoka.