Seti ya "kijiji cha Afrika" kwa gemu ya Tanga 1914: mrejesho wangu

Wadau wa gemu za vita vya mezani, ile seti ya nyumba niliyoagiza mtandaoni kwa meza yangu ya vita vya Tanga, Waingereza na Wajerumani, Novemba 1914, skeli ya 28mm (yaani kimo cha askari mmoja), imefika. Boksi limeandikwa kijiji cha Afrika, nikajua ndo yenyewe. Nafungua, misonge sita. Misonge! Jamani Tanga nani alikuwa anakaa kwenye msonge, nyumba zetu ni za mstatili, fito na udongo, paa la makuti na baraza mbele. Bibi kaichungulia ile niliyounganisha akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, mgeni anakaa wapi?"

Ubora siupondi. MDF, zile mbao za unga ulioshindiliwa, imekatwa safi kwa leza, gundi ya maji inatosha, milango ina 40mm kwahiyo askari na besi yake, kile kibao anachosimamia, anapita bila kuinama, na mapaa yanavuliwa, hilo ndo la kuangalia kabla hujatoa hela maana paa lisipotoka askari wa ndani unawawekaje? Ila harufu ya leza, wiki nzima chumba kinanuka kama kuna mtu kachoma daftari.

Kilichonifurahisha ni ghorofa mbili nilizochukua kwa muuzaji mwingine, moja nimeifanya Kaiser Hotel na nyingine forodha, maana tarehe 4 Novemba kuna wanajeshi wa Uingereza walipenya mjini mpaka huko. Ukuta nimepaka gundi nikamwagia mchanga wa Raskazone, palepale waliposhukia, halafu rangi nyeupe iliyochakaa kidogo. Chokaa tupu!

Sasa nyie msimalize hela kwenye nyumba. Waingereza walikuja na watu kama 8,000, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana kama 1,000, ukiacha meza wazi Mjerumani anakufa raundi ya tatu. Weka vichaka, mashamba ya mpira na minazi mpaka mtu asimuone mwenzie, na usisahau ule mtaro wa reli mashariki ya mji, wangu nimeuchonga kwenye povu jeupe la boksi la TV, bure kabisa. Makuti nimekata zulia kuukuu la mlangoni, lile la makumbi. Nyuki, wale waliovamia askari kwenye vita ile, ni punje za ulezi juu ya kipande cha plastiki, na wanauma pande zote mbili, wasichague.

Misonge nilitaka kumuuzia jamaa anayecheza vita vya Mkwawa, akanicheka, Wahehe walijenga tembe. Kwahiyo ipo, kama kuna mtu anatengeneza meza ya Bukoba, kule kwenye misonge kweli, aseme.