Kozi ya mifumo kwa meseji: amri ilifika nusu, data yangu ikafutika

Nasoma kozi ya kutengeneza mifumo ya taarifa inayofundishwa kwa meseji za kawaida, zile zisizohitaji intaneti. Nimechoka kunyamaza.

Somo lilikuwa la kufuta mteja mmoja kwenye hifadhidata. Meseji ikaingia, mwishoni inasema: "Sasa andika DELETE FROM wateja". Nikaandika. Jedwali zima likabaki tupu! Data ya mazoezi niliyoingiza mstari kwa mstari, jioni baada ya jioni, yote imekwenda. Baadaye sana ndipo kikaingia kipande kingine: "WHERE namba = 14;". Sharti lenyewe, la kufuta mteja namba 14 tu, ambalo lingeokoa kila kitu, lilikuwa bado njiani.

Chanzo nakijua. Meseji moja hubeba herufi 160, ila ukiweka hata alama moja isiyokuwemo kwenye herufi za msingi za GSM (mfumo wa mitandao ya simu za mkononi), uwezo unashuka hadi 70. Mkufunzi hunakili masomo kutoka programu ya kuandikia, ambayo huzipinda alama za kunukuu, na hizo zilizopinda hazimo. Basi somo la meseji moja linakatwa vipande vitatu, na mtandao hauahidi kuvifikisha kwa mpangilio wala kwa wakati mmoja. Kuanza kila kipande na 1/3, 2/3, 3/3 kungekula herufi nne tu. Nne!

Nikamwandikia kwa heshima zote: "Shikamoo mwalimu. Somo la leo limefika vipande, amri imekatika katikati." Akajibu: "Mfumo wetu hauna shida. Wenzako wameelewa. Soma kwa makini."

Hapo ndipo nilipowaka. Ni yeye aliyetufundisha kwamba mtumiaji akilalamika, unamsikiliza kwanza, msimbo baadaye.

Na alitufundisha vizuri, hilo siwezi kulikana. Masomo ya kukusanya mahitaji yalikuwa bora kuliko darasa lolote nililowahi kukaa. Hitaji moja, meseji moja: nani anataka nini, na kwa nini. Niliandika "Mfumo uwe rahisi kutumia", likarudi na swali: "Rahisi kwa nani? Utapimaje?" Nikahangaika nalo mpaka likawa "Karani amsajili mteja kwenye ukurasa mmoja, bila kuandika namba ya simu mara mbili". Ufinyu wa herufi ulinilazimisha kufikiri. Swali lile nalibeba hadi leo kila ninapozungumza na mtumiaji. Kwenye michoro ya mtiririko wa data, hapana, meseji haichori.

Nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa ajili ya mahitaji. Nimelisoma tena lile jibu la "soma kwa makini" nikiwa naandika hapa, na natoa moja. Siku vipande vitakapowekewa namba, na mwalimu akaniomba radhi, nitaipandisha iwe nne, na sitasita.