Kuacha Kazi na Kuingia Baharini: Jahazi la Mbao au Yoti ya Faiba?

Mtu wa Mombasa anayeacha ajira ili asafiri kwa tanga miaka kadhaa hukabiliwa kwanza na swali la chombo. Kwa bei, jahazi lina nafuu, kwani mafundi wa Matondoni, Lamu, wangali wanaunda vyombo vya mbao, ilhali yoti nyingi, yaani mashua za kisasa za tanga zilizoundwa kwa faiba (plastiki yenye nyuzi za kioo), huletwa kutoka ng'ambo pamoja na vipuri vyake.

Matunzo ndiyo yenye uzito zaidi, na naona wengi huyapuuza. Jahazi hudai mkono wa mtu daima: hupandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, hutiwa kalafati ya pamba ya kuziba nyufa za mbao na kupakwa shahamu (mafuta ya wanyama), la sivyo minyoo ya baharini hutoboa mbao. Faiba haitobolewi, lakini betri au usukani wa umeme ukiharibika katikati ya bahari, fundi ni wewe mwenyewe.

Kuhusu kutegemeka, jahazi huenda vyema upepo ukiwa nyuma au ubavuni, ndiyo sababu wazee walishuka kusini kwa upepo wa kaskazi wakarudi kaskazini kwa upepo wa kusi. Yoti huweza kuukabili upepo kwa pembe kali zaidi, na watu wawili huimudu. Foromali ya jahazi, yaani mti unaoshikilia tanga, ni nzito, yahitaji mabaharia kadhaa.

Kwa hiyo mwenye kiinua mgongo kidogo na jamaa wanaoijua bahari, anayetaka kuzunguka Lamu, Unguja na Ngazija, jahazi litamfaa. Wenzi wawili wanaoelekea Shelisheli peke yao, ningewashauri yoti, mradi wajifunze kwanza kuitengeneza.